Ningeanza na mumewe

Mhariri, mmeuliza kama tuzo iliyomruka anayestahili irekebishwe miaka ikishapita, mkamtaja msanifu majengo Denise Scott Brown. Majaji nawaachia wengine. Kinachonikera mimi ni mumewe: aliipokeaje peke yake?

Mama huyu alizaliwa 1931 Nkana, Zambia ya leo, akasomea Johannesburg, London na Pennsylvania. Alipokutana na Robert Venturi mwaka 1960 alikuwa tayari anafundisha chuo kikuu. Walioana 1967, wakafanya kazi ofisi moja. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo, ikatangazwa: Venturi, basi. Denise hakuhudhuria hafla.

Niliwahi kuchora ramani katika ofisi ya mke na mume. Siku ya kukabidhi jengo, mpiga picha akamwambia mama, "Samahani, sogea kidogo, nimpate msanifu kwanza." Ngazi za jengo lile alizichora yeye. Zilipopinda palikuwa pafinyu, machela isingegeuka, akafuta na kuchora upya hadi usiku, mzee akiwa kwenye chakula na mteja. Sasa mzee akampa mkewe mkoba amshikie, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu. Mama akasogea, mkoba mkononi, akamrekebisha mumewe kola kabla ya picha ya pili. Hakuna aliyesema neno.

Ndiyo maana nilitaka kuandika kwamba Venturi angeikataa. Ila, tumtendee haki, alimtaja mkewe katika hotuba yake, na 2013 wanafunzi wawili wa Harvard walipoanzisha ombi la kumtambua Denise, Venturi naye alitia saini. Waandaaji wakajibu kwamba jopo la leo haliwezi kufungua uamuzi wa jopo la jana. Na wakidai tuzo ni ya mtu mmoja, mbona 1988 walipewa wanaume wawili, na 2001 wakapewa washirika wawili wa ofisi moja?

Basi narudi kwa majaji niliowaruka. Ndiyo, irekebishwe, maadamu anayehusika mwenyewe anataka. Denise alisema anachodai ni hafla ya kumjumuisha, wala si tuzo yenyewe. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani kilibadili kanuni yake ya mtu mmoja, na 2016 kikawapa wote wawili medali ya dhahabu. Venturi nampunguzia lawama, simfutii. Yule mzee wa mkoba, hapana.