Muulize mgonjwa analalaje

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodini, hakuna mgonjwa atakayewaambia moyo wake umeshindwa kazi. Atasema anachoka, anakohoa usiku, viatu vinambana. Ndiyo maana mimi huanza na swali moja: unalalaje? Anayelalia mito mitatu, au anayekurupuka saa nane usiku kufungua dirisha atafute hewa, huyo msimwachie njiani.

Swali hili nilijifunza kwa uchungu. Mama mmoja, wiki ya sita tangu ajifungue, alikuja anakohoa na kuhema. Nikamwandikia dawa za nimonia. Siku ya nne akarudi miguu imevimba, hawezi kulala chali hata dakika moja. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha moyo umetanuka, na kila pigo linasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo. Kwa kawaida ni 50 au zaidi. Ulikuwa ule ugonjwa wa misuli ya moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua. Alinusurika, lakini siku zile nne zilikuwa zangu, si zake.

Huku kwetu chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kazi ni presha isiyotibiwa. Kwa vijana, ulizeni pia kuhusu homa na maumivu ya viungo utotoni: koo lisilotibiwa huweza kuishia kwenye valvu za moyo, yaani milango yake. Pombe nyingi nayo inahusika.

Kabla ya mashine, tumieni mikono. Mlazeni mgonjwa akiwa ameinuliwa kidogo, tazameni mshipa wa shingo kama umejaa. Bonyezeni mguu kwa kidole gumba mwone kama shimo linabaki. Sikilizeni mapafu sehemu za chini. Kisha eksirei, kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu, figo, na eko, ambayo ndiyo inayoonyesha moyo wenyewe. Ila eko ikisoma asilimia 55 msimrudishe mtu nyumbani haraka: moyo mgumu usiolegea vizuri husukuma vyema, na bado mwenyewe akaishiwa pumzi.

Mpimeni uzito kila asubuhi. Kilo 2 kuongezeka ndani ya siku 3 ni maji, si chakula. Na idadi ya mito iandikeni kwenye faili, ili wa zamu ya kesho ajue kama imepungua.