Mkate wa brauni si lazima uwe wa ngano nzima

Dada, umeuliza kwa nini watoto wanasikia njaa upesi ingawa umehamia mkate wa brauni. Huenda huo ni mkate mweupe uliotiwa rangi. Soma orodha ya viambato: cha kwanza kabisa kiwe unga wa ngano nzima, yaani isiyokobolewa. Pakiandikwa "unga wa ngano" tu, kwa kawaida pumba na kiini vimeondolewa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, madini na vitamini B. Kisha tazama nyuzinyuzi, maana ndizo hushibisha kwa muda mrefu: gramu 6 au zaidi katika gramu 100 ni nzuri, mweupe mara nyingi huwa na 2 hadi 3. Chumvi nayo iangalie.

Usibadilishe kwa siku moja, tafadhali. Matumbo yatajaa gesi, nao wataukataa. Wiki ya kwanza wape kipande kimoja cheupe na kimoja cha ngano nzima, na wanywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji huleta choo kigumu. Ukioka mwenyewe, anza kwa kubadilisha robo ya unga, ongeza maji kidogo, uache kinyunya dakika 20 kabla ya kukanda. Pumba hunyonya maji polepole. Ukiharakisha, mkate utatoka mkavu na mzito.