Kupata maeneo yote yaliyo chini ya mkoa mmoja kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata)

Ndugu, nimekuelewa: jedwali lako la maeneo lina id, jina na mzazi_id, unataka kila kilicho chini ya mkoa mmoja, na JOIN nne (amri za kuunganisha rekodi) ulizopanga zinaacha baadhi ya rekodi. Zitaacha tu, maana mti wenyewe hauna kina kimoja: kijiji kina vitongoji chini yake, mtaa wa mjini hauna. Tumia hoja (query) inayojirudia:

WITH RECURSIVE mti AS (
  SELECT id, jina, 1 AS ngazi FROM maeneo WHERE id = 7
  UNION ALL
  SELECT m.id, m.jina, mti.ngazi + 1
  FROM maeneo m JOIN mti ON m.mzazi_id = mti.id
  WHERE mti.ngazi < 10
)
SELECT * FROM mti;

SELECT ya kwanza inachukua mkoa (hapa wenye id 7), ya pili inafuata watoto mpaka waishe. Inakubali kwenye PostgreSQL, na kwenye MySQL kuanzia toleo la 8.0. Kama bado uko MySQL 5.7, ongea na msimamizi wa seva kuhusu kupandisha toleo kabla hujaanza kuzungusha hoja ndani ya PHP. Na weka indeksi kwenye mzazi_id, ili utafutaji uwe wa haraka.

Ile ngazi < 10 usiifute. Bila hiyo, mtu akikosea akaandika kata kuwa mzazi wa mkoa wake, MySQL itatoa kosa ikipita mizunguko 1000, lakini PostgreSQL itazunguka bila kikomo. UNION tupu (isiyo na ALL, inayoondoa rekodi zinazojirudia) haikuokoi hapo, kwa sababu ngazi inabadilika kila mzunguko.