Maswali ya Wasomaji: Nduaro Akinasa, Nani Akae Kitini?

SWALI: Mhariri wa safu hii, salamu. Sisi ni wafanyakazi sita wa ofisi moja jijini Nairobi. Mwaka jana tulichangishana fedha, tukakodi boti Watamu ili tukavue samaki wakubwa. Ilipofika saa nne asubuhi nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, alinasa, na wenzangu watatu wakaurukia ufito wa kuvulia kwa pamoja. Katika vurugu hiyo mshipi ulilegea, samaki akaruka juu ya maji mara mbili, kisha akajinasua. Tulirudi ufukweni hatusemezani. Isitoshe, jodari wawili tuliofanikiwa kuwapata walibaki na mabaharia, ilhali sisi tulidhani ni wetu. Mwaka huu tungependa kwenda tena. Je, twende miezi gani, na tupangeje ili yasijirudie? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, suala la miezi ni jepesi, kwa hiyo nitalimaliza kwanza. Nduaro wa pwani ya Kenya huvuliwa zaidi wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na sulisuli, jamaa yake mwenye pezi kubwa mgongoni, hutangulia kidogo, tangu mnamo Oktoba au Novemba. Jodari hupatikana kwa wingi tangu Agosti hadi Oktoba, kusi linapoanza kupungua nguvu. Kati ya Mei na Julai bahari huchafuka, na wenye boti wengi huzipandisha pwani kuzifanyia matengenezo. Kama mnamtafuta nduaro, basi nendeni Januari au Februari.

Suala la zamu ndilo zito. Boti inaporambaza huburuta mishipi mitano au sita kwa pamoja, mingine ikiwa na chambo cha samaki aitwaye chuchunge na mingine chambo cha bandia, na hakuna ajuaye ni upi utakaoguswa. Kwa hiyo msigawane fito, kila mtu akajiona mmiliki wa mshipi wake. Gawaneni zamu ya kukaa kitini, yaani kile kiti cha nyuma ya boti anachoketi mtu anayepambana na samaki. Pigeni kura usiku wa kuamkia safari, mwandike majina kwa mpangilio wa kura, na karatasi hiyo mkabidhini nahodha, kwa sababu yeye hana rafiki wala bosi miongoni mwenu.

Vikundi vingine huhesabu zamu kwa saa, kwamba chochote kitakachonasa ndani ya saa yako ni chako. Utaratibu huo unaonekana wa haki, lakini mimi siupendi. Samaki hawali kwa ratiba: huenda saa tatu zikapita bila lolote, kisha maji yakageuka na mishipi mitatu ikanasa ndani ya robo saa, mtu mmoja akafaidi yote. Ni afadhali kuhesabu kwa samaki. Aliye wa kwanza kwenye orodha hukaa kitini samaki wa kwanza anaponasa, na awe amempata au amempoteza, zamu yake imekwisha. Kubalianeni tu mapema kwamba sehewa na samaki wengine wadogo hawahesabiwi, maana hakuna aibu ichomayo kama kumaliza zamu yako kwa samaki wa kutosha sufuria moja.

Sababu ya kusisitiza mtu mmoja si adabu peke yake. Nduaro anaponasa, rili, yaani kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, hulia kwa mlio mkali, mshipi ukakimbia mamia ya mita, na wakati huo huo kila mtu ana kazi yake: nahodha huendelea kuisukuma boti mbele ili mshipi usilegee, mabaharia hukunja mishipi mingine isije ikasokotana na ule wenye samaki, na mwenye zamu huketi, akafungwa mkanda, kisha akakabidhiwa ufito. Kuanzia hapo anauinua taratibu kwa mgongo na miguu, anaushusha huku akikunja, anauinua tena, pengine kwa saa nzima na zaidi. Mikono mitatu juu ya ufito mmoja huvuta kila mmoja upande wake, na mshipi ukilegea kwa nukta chache tu samaki anayeruka hupata nafasi ya kuitema ndoana. Ndivyo mlivyompoteza wenu. Hata kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo lililoanzishwa mwaka 1939, humnyima rekodi mvuvi ambaye ufito wake umeshikwa na mtu mwingine samaki akiwa bado anapigana. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi, kilo 707, iliyowekwa na Alfred Glassell huko Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, ilipatikana chini ya masharti ya aina hiyo.

Kuhusu wale jodari, nadhani hamkudhulumiwa, bali hamkuuliza. Ni desturi ya boti nyingi za kukodi kwamba samaki ni mali ya boti, na mauzo yake ni sehemu ya pato la mabaharia, huku wageni wakipewa minofu ya kula jioni. Ulizeni kabla ya kulipa, na mkitaka samaki mzima, patanani bei. Nduaro na sulisuli msitarajie kabisa kuondoka nao, kwani Watamu wengi wao hutiwa alama na kuachiliwa wakiwa bado majini, ubavuni mwa boti. Mpiga picha na awe tayari mapema.

SWALI: Ninaalikwa na wenzangu kwenda kuvua Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha bahari kuu, kutoka Dar es Salaam, lakini hata kwenye feri ya Unguja roho hunichafuka. Je, niende? (Dada wa Kinondoni)

JIBU: Dada yangu, safari hiyo ni ndefu na ya bahari wazi, na ukizidiwa njiani wenzako itabidi wachague kati yako na fedha walizolipa. Anza na safari ya nusu siku karibu na pwani. Muulize mfamasia kidonge cha kuzuia kichefuchefu, ukimeze kabla ya kupanda boti, kwani ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Ukiwa majini kaa nje, utazame upeo wa macho, na ujiepushe na moshi wa injini.

SWALI: Baada ya safari yetu tulikula jodari, na watu wanne kati yetu wakawashwa, nyuso zikawa nyekundu. Alipikwa akaiva vizuri. Je, ni mzio? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Watu wanne kwa mpigo si rahisi kuwa mzio. Jodari akiachwa juani, bakteria huzalisha histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, katika nyama yake, na hakuna moto wa jikoni unaoiondoa. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa chache, lakini anayebanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja. Safari ijayo, jodari akishapanda botini atolewe damu na matumbo papo hapo, kisha afukiwe ndani ya barafu, na barafu hiyo muinunue kabla hata ya kununua soda.