Je, Gary Numan alitumia mashine tupu?

SWALI: Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu The Pleasure Principle, albamu ya Gary Numan ya 1979. Yeye anashikilia kwamba ni mashine mwanzo mwisho, hata ngoma, na kwamba ndiyo iliyoanzisha muziki wa elektroniki. Tuamulie. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwenye ngoma, kaka yako hajasikiliza vizuri. Aliyekaa kwenye dramu ni Cedric Sharpley, na gitaa la besi limepigwa na Paul Gardiner. Weka wimbo wa Films kwenye spika nzuri, si za simu: dramu zinatangulia, besi inafuata, ndipo vinanda vinaingia. Mimi ni mpiga kinanda, na kila kijana anayekuja kwangu kujifunza namsikilizisha huo kwanza, ajue kuwasubiri wenzake.

Kilichoondolewa ni gitaa la solo na la rithimu. Nafasi yake ilichukuliwa na Minimoog, sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) isiyoweza kutoa noti mbili kwa pamoja. Numan aliipitisha kwenye pedali za gitaa, zile za kubadilisha sauti, ikatoka na mkwaruzo mzito. Juu yake kuna sinthesaiza nyingine, Polymoog, kwa sauti iliyotoka nayo kiwandani iitwayo Vox Humana: ndiyo ile ya baridi inayotanda kwenye wimbo wa Cars. Katika wimbo huo mashairi yanaisha mapema kabisa, kisha sinthesaiza zinabaki uwanjani, na chini yake kuna tari. Naipenda mno tari ile.

Kuanzisha, hapana. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilitoa albamu ya Autobahn mwaka 1974. Numan mwenyewe aliikuta Minimoog studioni mwaka 1978, imeachwa tu, alipokwenda na kundi lake la Tubeway Army kurekodi albamu ya magitaa. Alichofanya ni kuuingiza muziki huu majumbani mwa watu: Cars na albamu yenyewe zilishika namba 1 Uingereza, na mwaka 1980 Cars ikafika namba 9 Marekani.

Waliokuja baadaye walichota humo. Madijei wa hip hop wa New York waliipenda Films kwa dramu zake, na mwaka 2001 Basement Jaxx, kundi la muziki wa dansi la Uingereza, walichukua kipande cha M.E., wimbo mwingine wa albamu hii, wakajengea wimbo wao Where's Your Head At.

Kaka akiendelea kubisha, msikilizishe wimbo wa Complex, wa albamu hiihii. Mle ndani kuna fidla.