Kabla hujatuma kiungo cha albamu ya familia

Shangazi yangu alinipigia simu saa nne za usiku, siku ya tatu baada ya harusi ya bintiye. Hata salamu hakutoa. "Mwanangu, picha za kupamba nani kampa mjombako?"

Nilikuwa nimempa mimi, bila kujua. Nilikusanya picha zote za harusi, za nikaha, za karamu na za kupamba, nikazitia kwenye albamu moja ya Google Photos, nikanakili kiungo na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyekulia Mombasa ameshaona kosa liko wapi. Kupamba ni usiku wa wanawake. Mabuibui huvuliwa, nywele zimetengenezwa, bi harusi amekaa jukwaani na dhahabu zake na hina mpaka viwikoni, na wanaomtazama ni wanawake wenzake. Mlangoni simu zilikusanywa, na aliyepiga picha alikuwa mwanamke aliyelipwa kwa kazi hiyo. Bi harusi alinipa zile picha kwa kuniamini.

Nilikifunga kiungo usiku ule ule. Lakini aliyekwisha kupakua amepakua, na picha iliyoingia kwenye simu ya mtu huwezi kuifuata huko ukaifuta. Siku mbili nilizunguka nyumba za jamaa, Kibokoni mpaka Tudor, kuomba radhi na kuwaomba wafute. Bi harusi alinisamehe. Alilia kwanza.

Kwa hiyo, la kwanza nakuomba ulielewe kabla hujabonyeza popote: kiungo cha albamu ni kama ufunguo unaoweza kuchongwa mara elfu. Anayekishika huweza kuifungua albamu hata kama hana akaunti, na huweza kumpa mwingine naye akampa mwingine. Usipokifunga mwenyewe, kitaendelea kufungua. Siku hizi siwashi kiungo kwa albamu yoyote yenye watu ndani. Naongeza mtu mmoja mmoja kwa anwani yake ya barua pepe. Kazi hiyo inachukua muda, lakini nikiangalia orodha nawajua wote walioko ndani. Humo humo kwenye mipangilio ya albamu pana kitufe cha kuonyesha mahali picha ilipopigwa. Kizime. Picha ya mtoto akicheza uani haina haja ya kubeba ramani ya nyumbani kwenu.

Na harusi moja iwe na albamu mbili. Ya wote, na ya wanawake. Kabla ya kutia picha kwenye hiyo ya pili namuuliza kila anayeonekana usoni, hata kama ni dadangu. Kuna waliosema hapana. Picha zao hazimo, na hakuna aliyelazimika kueleza kwa nini.

Jambo jingine ni namna ya kukusanya. Ukiwaambia jamaa wakutumie picha kwa WhatsApp, zitakufikia zimebanwa na tarehe ya kupigwa imepotea. Kwenye simu huoni tofauti. Siku ukitaka kuichapisha kubwa, itundikwe sebuleni, ndipo utaona uso umekuwa kama umepakwa rangi ya maji. Waombe waziweke wenyewe kwenye albamu, au wazitume kama faili.

Sasa nije kwenye picha za nyanya, maana hizo ndizo zilizonifanya niipende kazi hii.

Nyanya ana mkebe wa biskuti uliojaa picha za miaka ya 1950 na 1960, zama ambazo watu wa Mombasa walivaa vizuri wakaenda studio kupigwa picha, kwa N. V. Parekh na wengineo. Zile alizozitia kwenye fremu zimeshikana na kioo kwa unyevu wa pwani. Usizibandue, utabakiwa na kioo chenye uso wa mtu. Zipige picha pamoja na kioo chake, karibu na dirisha lakini si juani, bila flashi. Programu ya PhotoScan ya Google hupiga mara kadhaa kutoka pembe tofauti, kisha huondoa ule mng'aro. Zisizo na fremu, piga na mgongo pia: nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio na mwandiko wa penseli.

Kisha rekebisha tarehe. Simu itaipa picha ya 1958 tarehe ya leo, na nyanya akiwa msichana atajikuta kwenye albamu baada ya wajukuu zake.

Lakini kazi hasa ni majina. Kulikuwa na picha ya wanawake wawili wamejifunga leso za sare, mmoja ni nyanya, wa pili hakuna aliyemjua. Nyanya mwenyewe aliitazama sana, macho yake hayaoni vizuri tena. Nikaikuza kwenye simu, nikateleza na kidole mpaka nyuma yao, penye mlango wa nakshi. Hapo akaacha kutafuna tambuu. "Huu mlango ni wa Ndia Kuu. Basi huyo ni somo yangu, tulikwenda kumtazama alipojifungua." Nilikuwa nimewasha kinasa sauti. Maneno yake nikayaandika chini ya picha vile vile alivyoyasema, na jioni ile binamu aliyeko Muscat aliyasoma akanipigia kuuliza somo huyo alizaa nani. Ukikaa na mzee, usimuulize tu "huyu ni nani". Muulize nguo ilishonwa wapi, mlango wa nani, walikuwa wanakwenda wapi.

Kuhusu nafasi: Google hutoa GB 15 za bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, na tangu 1 Juni 2021 kila picha unayopakia huhesabiwa humo. Video za harusi huzimaliza upesi. Pia akaunti isiyotumika miaka 2 yaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Kwetu picha nyingi za zamani zilikuwa kwenye akaunti ya ami, ambaye siku hizi anaumwa na simu haishiki. Tulikaa naye, kwa idhini yake tukazihifadhi upya kwenye akaunti mbili za wajukuu na kwenye diski moja iliyoko kabatini.

Albamu ya kupamba niliianzisha upya, na wa kwanza kumwongeza alikuwa shangazi. Mkebe wa nyanya bado una picha kama 60 zisizo na majina. Jumamosi, baada ya alasiri, nakwenda kwake tena.