Mbao za mjengo: pawasoo achana nayo, tafuta mtaimbo

Ndugu wa Kayole, umesema umepewa nusu lori ya mbao za nyumba iliyobomolewa, na unataka kukodi pawasoo, ule msumeno wa mnyororo, uzimalize Jumamosi moja ziwe kuni za kibanda. Mimi nachemsha githeri Githurai mwaka wa saba huu, na kuni zangu karibu zote ni mbao kama hizo. Pawasoo achana nayo. Mnyororo ukikutana na msumari wa inchi nne meno yanakwisha, na mwenye mashine atakudai mnyororo mpya. Isitoshe, kipande chembamba hakina uzito wa kutulia. Mnyororo unakidaka na kukurushia.

Kazi yenyewe si kukata, ni kuchagua na kung'oa.

Nguzo na mbao zenye ukijani zilizotiwa dawa ya mchwa, weka kando kabisa. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na ukizichoma sumu inabaki kwenye jivu na nyingine inatoka na moshi. Mbao zenye rangi kuukuu zinaweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Plaiwudi na chipibodi ni gundi tupu. Ukipata paleti, tafuta muhuri: HT imetibiwa kwa joto, hiyo sawa, MB imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, iache. Mbao za kumwagia zege, kama zimepakwa oili chafu ya gari, zitakujazia masizi mpaka chakula kinuke.

Sasa misumari. Geuza mbao, gonga ncha mpaka kichwa kichomoze upande wa pili, ndipo uingize mtaimbo. Ukianza kuvuta kichwa kilichozama utapoteza asubuhi nzima. Mimi napitisha sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu. Ikivutwa mahali, nachora kwa mkaa na kukata mbali na alama. Vaa viatu vya soli ngumu, si ndara, na kama chanjo ya pepopunda ni ya zamani, pita zahanati kwanza.

Msumeno wa umeme wa diski unafaa, ila nikuambie ulivyonifanya 2019. Nililaza mbao ya inchi nne kwa mbili juu ya matofali mawili, nikakata katikati. Mbao ikazama pale pale nilipokata, ikabana diski, mashine ikaruka kurudi kwangu. Jinzi ilichanika pajani, ngozi ikapata mkwaruzo tu, Mungu saidia. Tangu siku hiyo kipande kinachokatwa hukaa nje ya kiegemeo, kianguke chenyewe, nami nasimama pembeni ya mstari wa diski. Miwani ya kukinga macho sivui.

Lakini siku nyingi natumia msumeno wa mkono, ule wa fremu wenye meno makubwa. Nimepigilia X mbili za mbao na kuziunganisha. Naweka juu yake mbao kumi hivi za inchi mbili kwa mbili, nazifunga kwa blada ya baiskeli zikaze kama mzigo wa miwa, halafu nakata zote pamoja kila futi moja. Ukikata moja moja zinatetemeka na mkono unachoka bure. Kipande kinene cha kupasua, nasimamisha, naweka panga juu, kisha napiga mgongo wa panga kwa gongo. Kidole hakisogei karibu.

Saiprasi kavu inawaka kama karatasi. Githeri inataka moto wa kukaa, kwa hiyo naanzishia saiprasi, kisha nasukuma kigogo cha mkaratusi. Jivu napitishia ile sumaku kabla ya kulimwaga kwenye sukuma, maana nilishawahi kuchomwa na msumari nikipalilia.

Na zile za kijani usimpe jirani akadhani ni kuni. Zipigilie kwenye ua wako.